Umefuta rekodi kibao, kweri zikazidi kuwa nzito: anza kutafuta hapa

Hii imewakuta wengi na mimi nikiwemo. Jedwali limevimba, mnaamua kufanya usafi, mnafuta rekodi za miaka ya nyuma, mnalala mkijua kesho mambo ni mteremko, halafu asubuhi kweri (swali unaloiuliza databesi) iliyokuwa inarudi chini ya milisekunde 3 inachukua sekunde 9 na diski haijapungua hata giga moja. Hapo ndo bosi anauliza, sasa mlifuta nini?

Naongelea Postgres, programu ya databesi, kwa sababu ndo naishi nayo kila siku, MySQL ambayo ni databesi nyingine nitaigusa kidogo huko chini. Na nitatumia kisa chetu wenyewe. Tulikuwa na jedwali la ripoti za meseji, zile za kuonyesha SMS imefika au imegoma, rekodi kama milioni 40, tukafuta milioni 31 usiku wa Jumamosi kwa DELETE moja ndefu. Jumatatu asubuhi foleni ikaanza kukwama. Seva yenyewe ya kawaida tu, RAM giga 4. Mmoja akasema tuongeze RAM, mwingine akasema indeksi (orodha ya kutafutia rekodi haraka) imeharibika tuijenge upya, wa tatu alishaandika VACUUM FULL (amri ya kuandika jedwali zima upya) anasubiri tu kubonyeza enta. Tungemsikiliza yeyote kati ya hao siku ingeisha hivihivi.

Kabla ya yote ujue kwamba Postgres ukiiambia DELETE haifuti. Inaandika tu kwenye rekodi namba ya transaksheni (kazi inayofunguliwa na kufungwa kwa pamoja) iliyoiua, rekodi yenyewe inabaki palepale kwenye ukurasa wake wa kilobaiti 8, kwa sababu inawezekana kuna mtu alianza kusoma kabla yako na bado ana haki ya kuiona. Indeksi nazo hivyohivyo, kila moja bado inaelekeza kwenye rekodi ambayo kwa macho yako haipo. Ni kama gesti, mgeni kaondoka asubuhi lakini mhudumu hajapita kubadilisha mashuka, kwa hiyo chumba hakina mtu na bado hakiwezi kupewa mtu mwingine. Mhudumu ndo VACUUM, na yule anayepita mwenyewe bila kuitwa ni autovacuum. Matatizo karibu yote yanayokuja baada ya kufuta ni maswali kuhusu huyu mhudumu: amepita? amezuiwa? au amepita vizuri ila wewe ulitegemea abomoe na nyumba?

Usiguse kitu kabla hujaona plani

Chukua kweri moja ambayo watu wanailalamikia, sio kumi, moja, halafu iendeshe hivi ikuonyeshe plani yake, yaani njia ambayo databesi inapita kutafuta jibu:

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT id, namba FROM ripoti
WHERE hali = 'inasubiri'
ORDER BY id LIMIT 1;
```

Hilo neno BUFFERS usiliache, watu wengi wanaliacha halafu wanabaki wanashangaa plani nzuri kweri mbovu. Sisi tulipata hivi:

```
Limit (actual time=8911.402..8911.403 rows=1 loops=1)
  Buffers: shared hit=21877 read=388214
  -> Index Scan using ripoti_pkey on ripoti
       (actual time=8911.400..8911.400 rows=1 loops=1)
       Filter: (hali = 'inasubiri'::text)
       Rows Removed by Filter: 112
```

Angalia hapo. Indeksi imetumika, ile ile ya siku zote. Rekodi zilizochujwa ni 112 tu. Ukiishia hapo utasema plani haina kosa, na kweli haina. Sasa rudi kwenye Buffers, jumlisha hit na read unapata kurasa 410,091, zidisha kwa kilobaiti 8, ni kama giga 3.1 zimepitiwa ili uletewe rekodi moja! Hizo 112 ni rekodi hai zilizorukwa, zile mfu hazihesabiwi popote kwenye plani, zinajificha kwenye Buffers tu. Kweri inaanza mwanzo wa indeksi ambako ndiko rekodi za zamani zilikuwa, inagonga mlango mmoja mmoja, hakuna mtu, hakuna mtu, hakuna mtu, mara milioni 31.

Kwa hiyo kama kurasa ni nyingi na rekodi zilizotoka na zilizochujwa ni chache, tatizo lako ni rekodi mfu, endelea na hapa chini. Kama kurasa ni chache na bado kweri ni nzito, ruka nenda kwenye dalili nyingine.

Mhudumu amepita au hajapita?

```
SELECT n_live_tup, n_dead_tup, last_vacuum,
       last_autovacuum, last_autoanalyze
FROM pg_stat_user_tables WHERE relname = 'ripoti';
```

Hapa kuna majibu mawili na kila moja lina njia yake.

La kwanza, n_dead_tup (idadi ya rekodi mfu) ni kubwa na last_autovacuum (mara ya mwisho mhudumu kupita mwenyewe) ni ya zamani au iko tupu. Maana yake hajapita kabisa. Mara nyingi ni hesabu tu: autovacuum inasubiri rekodi mfu zifike 50 jumlisha asilimia 20 ya jedwali. Jedwali la milioni 40 linahitaji rekodi mfu 8,000,050 ndo astuke, kwa hiyo ukifuta milioni 7 unaweza kukaa nazo mwezi mzima hajaja mtu. Uchambuzi wa takwimu wenyewe unastuka mapema, kwenye asilimia 10, ndo maana utaona last_autoanalyze ni ya jana na last_autovacuum haina kitu, usidhani ni ugonjwa. Dawa ni kumwita kwa mkono:

```
VACUUM (VERBOSE, ANALYZE) ripoti;
```

Hii haifungi watu nje, wanasoma na kuandika kama kawaida. Pia ukiiita kwa mkono inakimbia bila breki, wakati autovacuum inapumzika kila baada ya kazi kidogo, milisekunde 2 kuanzia toleo la 12, zamani ilikuwa 20, na wenye matoleo ya zamani ndo wanaolia kwamba inachukua siku nzima. Ukitaka kuona imefika wapi kuna pg_stat_progress_vacuum. Halafu kwa majedwali makubwa punguza ile asilimia, mi huwa naweka 0.01:

```
ALTER TABLE ripoti
SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);
```

Jibu la pili ndo lilikuwa letu na ndo linalotesa watu. last_autovacuum inasema amepita dakika moja iliyopita, n_dead_tup bado ni milioni 31. Anapita, anatoka, anapita tena, hakuna kinachopungua, na diski inachemka bure. Tukaendesha VACUUM VERBOSE tukapata mstari huu:

```
tuples: 0 removed, 40012331 remain,
31004417 are dead but not yet removable
```

Yaani anawaona kabisa kwamba wameshakufa, ila haruhusiwi kuwatoa. Kuna mtu ameshikilia.

Nani ameshika?

Watuhumiwa ni wanne: transaksheni iliyofunguliwa kabla hujafuta na haijafungwa, sloti ya replikesheni iliyoachwa (nafasi inayowekewa replika, yaani kopi ya databesi kwenye seva nyingine), transaksheni za PREPARE TRANSACTION (zimeandaliwa, zinasubiri kuthibitishwa) zilizosahaulika, na replika yenye hot_standby_feedback (inaiambia databesi kuu bado inasoma nini) ambayo mtu anaendesha ripoti ndefu juu yake. Anza na wa kwanza, mara tisa kati ya kumi kwa uzoefu wangu ni yeye.

```
SELECT pid, usename, state, xact_start, query,
       greatest(age(backend_xid), age(backend_xmin)) AS umri
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xid IS NOT NULL
   OR backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY umri DESC;
```

Angalia zote mbili, backend_xid na backend_xmin. Kweri nyingi utakazookota mtandaoni zinaangalia backend_xmin peke yake, na sisi hiyo ilitupita kushoto kwa nusu saa nzima. Sababu ni kwamba transaksheni iliyokaa tu kwenye hali ya kawaida ya READ COMMITTED, ikishamaliza SELECT yake, haishiki kitu tena, unaweza kuikuta idle in transaction tangu juzi na haina hatia yoyote. Lakini ikishaandika chochote, hata rekodi moja, inapewa namba yake, na hiyo namba inashika mpaka COMMIT (kuthibitisha) au ROLLBACK (kurudisha nyuma).

Wetu alikuwa hivi: idle in transaction, xact_start Alhamisi saa kumi na dakika 12 jioni, kweri ya mwisho UPDATE ya namba ya simu ya mteja mmoja. Jamaa wa huduma kwa wateja alirekebisha namba kwenye programu ya kufungulia databesi, auto-commit (kuthibitisha bila kuambiwa) imezimwa, akaangalia kwenye skrini yake akaona namba mpya imekaa vizuri (mabadiliko yako mwenyewe unayaona hata kama hujathibitisha), akafunika laptop akidhani kazi imeisha. Ijumaa akaenda Tanga msibani. Laptop imebaki ofisini kwenye chaja na haikulala.

Na kinachochanganya watu ni kwamba hakugusa hata siku moja jedwali la ripoti, aligusa la wateja. Haijalishi. Mpaka wa nani aonekane na nani aondolewe ni wa databesi nzima, transaksheni ya Alhamisi ikiwa wazi, chochote kilichokufa baada ya hapo hakitolewi, jedwali lolote lile. UPDATE ya namba moja ilikuwa imeshikilia rekodi milioni 31.

Kabla ya kumkata mpigie simu. Ukifanya `SELECT pg_terminate_backend(pid)` mabadiliko yake yote yanarudi nyuma, kama alikuwa na kazi ya maana humo imepotea. Sisi tulimpigia akiwa msibani, akasema kateni tu namba nitaiweka tena. Tukakata, tukaita VACUUM, ikamaliza, tukarudia kweri ile ile:

```
Buffers: shared hit=7
Execution Time: 0.214 ms
```

Kurasa 7. Kutoka 410,091. RAM ile ile, indeksi ile ile.

Baada ya hapo tukaweka idle_in_transaction_session_timeout iwe dakika 10, ipo tangu toleo la 9.6 na kwa chaguo-msingi imezimwa, sijui kwa nini watu wengi hawaijui. Bakapu nayo iangalie, pg_dump inashika mpaka imalize, kwa hiyo usifute usiku ule ule bakapu inaendesha masaa manne.

Kama hakuna transaksheni ya hivyo, angalia hizi mbili:

```
SELECT slot_name, active, xmin, catalog_xmin
FROM pg_replication_slots;
SELECT gid, prepared, owner FROM pg_prepared_xacts;
```

Sloti yenye active = f na xmin ya kale ni ya replika ambayo mtu alishaizima akasahau kufuta sloti. Hiyo itakujazia diski pia, ila hiyo ni stori nyingine.

VACUUM imemaliza, n_dead_tup ni sifuri, ila kweri za kuhesabu bado nzito

Hapa mhudumu kafanya kazi yake ila nyumba ni kubwa vilevile. VACUUM inafanya nafasi itumike tena na rekodi mpya, hairudishi nafasi kwa diski isipokuwa kurasa tupu zilizo mwisho kabisa wa faili. Sisi tulifuta za zamani ambazo ziko mwanzo, faili ikabaki giga 3 na kitu, na kweri yoyote inayopita jedwali zima, plani ikiandika Seq Scan, inasoma kurasa zote hizo hata kama zilizo na watu ni robo. Pima badala ya kukisia:

```
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pgstattuple;
SELECT dead_tuple_percent, free_percent
FROM pgstattuple('ripoti');
```

Nayo yenyewe inasoma jedwali zima, usiiendeshe saa tano asubuhi. free_percent ikiwa 70 na zaidi ndo unafikiria kupunguza. Njia ni VACUUM FULL ambayo inaandika jedwali upya, inahitaji nafasi ya kopi mpya kwenye diski na inafunga hata wanaosoma, au pg_repack ambayo inafanya kazi watu wakiendelea, ila jedwali liwe na primary key au indeksi ya kipekee isiyokubali NULL. Mi ushauri wangu, kama jedwali litajaa tena ndani ya miezi michache, liache. Nafasi ile itatumika. Watu wanafanya VACUUM FULL kwa sababu wanaumia roho kuona giga zimekaa bure, hiyo sio sababu.

Indeksi ni kesi tofauti kidogo. Ukifuta rekodi zilizofuatana, kurasa za indeksi zinakuwa tupu kabisa na VACUUM inaziokoa. Ukifuta hapa na pale, labda kila mteja umemfutia nusu ya rekodi zake, kila ukurasa unabaki nusu na hakuna unaookolewa. pgstatindex itakuonyesha avg_leaf_density, indeksi mpya inajengwa kwa kujaza 90, ukikuta 35 ijenge upya kwa REINDEX INDEX CONCURRENTLY, ipo kuanzia toleo la 12 na haifungi waandishi.

Dalili nyingine, harakaharaka

Plani imebadilika kabisa, zamani ilitumia indeksi fulani sasa inatumia nyingine au imeanza Seq Scan: linganisha rows ya makadirio na rows halisi. Ikikadiria milioni 2 zikaja 300, takwimu ni za enzi zile kabla ya kufuta. Endesha ANALYZE, inachukua sekunde chache tu, hata mi nashangaa kwa nini sio kitu cha kwanza watu wanajaribu.

Index Only Scan yenye Heap Fetches kubwa: kufuta kumeondoa alama kwenye ramani inayosema ukurasa huu wote unaonekana na kila mtu, kwa hiyo kila mara inabidi irudi kwenye jedwali kuhakikisha. VACUUM inarudisha alama.

Execution Time ni ndogo ila Planning Time ni sekunde nzima: hii ilinichanganya sana mara ya kwanza. Plana, yaani sehemu inayopanga plani, akitaka kujua thamani ndogo na kubwa kabisa ya safu yenye indeksi anachungulia ncha za indeksi, na kama ncha imejaa rekodi mfu naye anazipitia. Ni tatizo lile lile la mwanzo, dawa ile ile, ingawa matoleo ya karibuni yamelipunguza.

Nzito mara ya kwanza tu, ya pili nyepesi: usihangaike. SELECT ya kwanza inayopita baada ya kufuta inaandika alama kwenye rekodi na kwenye indeksi kwamba hizi zimekufa, ndo maana unaona dirtied (kurasa zilizobadilishwa) kwenye Buffers za SELECT ambayo haijaandika kitu. Anayefuata anapita haraka. Ila hiyo alama ya indeksi inawekwa tu kama rekodi imekufa kwa kila mtu, ndo maana sisi na yule wa Alhamisi kila kweri ilianza upya.

DELETE yenyewe ndo haiishi: angalia foreign key (safu ya jedwali moja inayoelekeza kwenye jingine). Majedwali yanayoelekeza kwenye hili yana indeksi kwenye safu hiyo? Postgres inaweka indeksi upande wa jedwali mama, upande wa mtoto hakuwekei mtu, kwa hiyo kila rekodi unayofuta inapekua jedwali la mtoto zima. Fanya EXPLAIN ANALYZE ya kufuta rekodi 10 ndani ya BEGIN na ROLLBACK, mstari wa Trigger for constraint utakutajia muda na jina la mwenye kosa.

Wa MySQL

InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, nayo inaweka alama kwanza, halafu purge (mhudumu wa huku) inakuja nyuma kuondoa. Angalia History list length kwenye SHOW ENGINE INNODB STATUS, ikiwa inapanda tu kuna transaksheni ya zamani imeshika. Na huku ni kali zaidi, chaguo-msingi ni REPEATABLE READ (transaksheni nzima inaona picha moja ya data), kwa hiyo hata aliyefanya SELECT peke yake akaacha wazi anashika. Baada ya purge, ANALYZE TABLE kwa takwimu na OPTIMIZE TABLE kama kweli unahitaji diski, nayo inajenga jedwali upya.

Mara nyingine mkitaka kufuta

Kama unafuta zaidi ya unachobakisha, geuza mambo: nakili milioni 9 zinazobaki kwenye jedwali jipya, ondoa la zamani. Kama ni data ya tarehe inayofutwa kila mwezi, gawanya jedwali kwa miezi, toleo la 10 na kuendelea linakubali, na mwezi wa zamani unaondoka kwa DROP TABLE bila kuacha rekodi mfu hata moja. Sisi tumehamia huko.

Kama hakuna namna ila kufuta, futa kwa mafungu ya 5,000 na COMMIT kila fungu. Ila sasa uangalie na hapa kuna mtego, fungu la kwanza linachukua milisekunde 20, la mia linachukua sekunde, la elfu limekwama, kwa sababu kila fungu linaanza kutafuta mwanzo wa indeksi na linapita juu ya maiti za mafungu yaliyotangulia. Kumbuka id kubwa uliyofuta fungu lililopita na uanzie hapo:

```
DELETE FROM ripoti WHERE id IN (
  SELECT id FROM ripoti
  WHERE id > 18250000 AND tarehe < '2023-01-01'
  ORDER BY id LIMIT 5000
) RETURNING id;
```

Hiyo 18250000 inabadilika kila mzunguko, skripti inachukua id kubwa kabisa iliyorudi na kuiweka hapo, na kila baada ya mafungu mia mbili hivi inaita VACUUM, baada ya kwanza kuangalia pg_stat_activity kama kuna mtu kaacha laptop wazi.